Ninunue simu gani ya kazi za ugani kwa shilingi 450,000, na nimjibuje muuzaji anayenisukumia nyingine?

Bwana Shamba (mwenye mada)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni afisa ugani katika kata mojawapo ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na ninaomba ushauri kabla sijarudi tena Kariakoo kununua simu. Nina shilingi 450,000 taslimu. Kazi yangu inanitaka nipige picha za majani na mashina ya mahindi na muhogo nikiwa shambani, nizitume kwa wenzangu wilayani kwa WhatsApp, nipime ukubwa wa mashamba kwa GPS, na nitumie programu ya Nuru ya PlantVillage, ambayo hutambua magonjwa ya muhogo kama batobato na michirizi ya kahawia, pamoja na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, bila kuhitaji intaneti. Natoka nyumbani asubuhi na kurejea jioni, na baadhi ya vijiji ninavyovihudumia havina umeme wa uhakika. Sichezi michezo ya kwenye simu wala sina haja ya picha za usiku.

Nilipokwenda Kariakoo hivi karibuni, winga, yaani dalali wa mtaani, alinipokea barabarani hata kabla sijaamua niingie duka gani, akanipeleka kwa kijana aliyevaa fulana ya kampuni ya simu. Kijana huyo hakuniuliza simu ni ya kazi gani. Alinitolea moja ambayo boksi lake limeandikwa RAM ya GB 16 na kamera ya megapikseli 108, bei shilingi 520,000. Nilipomweleza kwamba imezidi uwezo wangu, akasema nitangulize 100,000, kisha nilipe 2,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Nilipoomba kuishika simu niliyokuwa nimeiulizia, akanijibu kuwa imekwisha, ilhali nilikuwa ninaiona kwenye kabati la kioo nyuma yake. Niliondoka bila kununua.

Ninaomba kujua mambo mawili. Je, hizo GB 16 na megapikseli 108 zina maana yoyote kwa kazi kama yangu? Na nikirudi dukani, nifanye nini ili nionyeshwe ninachokitaka badala ya kile ambacho muuzaji anataka kukiuza?

Fundi wa Simu

Ndugu Bwana Shamba, pole kwa usumbufu. Ninatengeneza simu hapa Morogoro mjini na wateja wangu wengi wanatoka vijijini kama huko unakofanyia kazi, kwa hiyo nitakujibu kwa kuangalia yale yanayoletwa mezani kwangu.

Nianze na RAM. Ukiona namba kubwa kwenye boksi, tafuta maandishi madogo yaliyo chini au pembeni yake, na mara nyingi utakuta 8+8 au 4+4. Nane ya kwanza ndiyo RAM yenyewe. Nane ya pili ni sehemu ya memori ya kuhifadhia picha na programu, iliyoazimwa ili isaidie pale RAM inapojaa. RAM ni meza ya kufanyia kazi na memori ya ndani ni stoo: ukihamishia makaratasi stoo unapata nafasi mezani, lakini kila unapoyahitaji inabidi uinuke ukayachukue. Muuzaji anayezijumlisha akatamka 16 anasoma kilichoandikwa kwenye boksi, ila hakwambii kwamba nusu yake ni ya kuazima na ni ya taratibu zaidi. Kwa WhatsApp, ramani na Nuru, RAM halisi ya GB 4 inafanya kazi, na ukipata 6 kwa bei hiyo hiyo ni bora zaidi. Jambo zuri ni kwamba huhitaji kumwamini mtu: fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, na humo simu yenyewe itakuonyesha RAM halisi ni kiasi gani na ya nyongeza ni kiasi gani.

Kinachowasumbua zaidi watu wa vijijini ni memori ya ndani kujaa. Makundi ya WhatsApp ya kikazi hushusha picha na video kutwa nzima, na simu ya GB 32 ambayo mfumo wake umekwisha kula sehemu kubwa hubaki haina pa kupumulia, inaanza kukwama, na mwenye simu anadhani imeharibika. Wewe unayepiga picha kwa kazi usishuke chini ya GB 128, na ukiweza chagua simu yenye nafasi ya memori kadi isiyoingilia nafasi ya laini ya pili.

Sasa kamera. Sensa ya megapikseli 108, katika matumizi ya kawaida, huunganisha nukta tisa kuwa moja, hivyo picha inayotoka ni ya megapikseli 12 hivi. Sensa ya megapikseli 50 huunganisha nukta nne kuwa moja, na picha inatoka na megapikseli 12 na nusu. Umeona jinsi zinavyokutana. Tofauti ya kweli kati ya kamera mbili iko kwenye lenzi, kwenye ukubwa wa sensa na kwenye uwezo wa kulenga kitu kilicho karibu, na hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwako wewe, uwezo wa kulenga karibu ndio kila kitu, maana dalili za ugonjwa ni madoa na michirizi midogo. Nakushauri uende na jani la muhogo mkobani, jani lenye ugonjwa kama unalo. Lipige picha dukani kwa umbali wa shubiri moja, kisha likuze kwenye kioo uone kama mishipa ya jani inaonekana au imekuwa ukungu mtupu. Tumia kamera kuu, kwa sababu ile kamera ndogo ya megapikseli 2 inayosifiwa kwa vitu vya karibu mara nyingi hutoa picha hafifu kuliko kamera kuu ukiirudisha nyuma kidogo. Kumbuka pia kwamba WhatsApp huipunguza picha inapotumwa. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD, na njia bora zaidi ni kuituma picha kama faili, ili wataalamu wilayani waione kama ilivyopigwa.

Kuhusu chaji, karibu simu zote za bei yako zina betri ya 5000 mAh, kwa hiyo namba hiyo haikusaidii kuchagua. Angalia prosesa, yaani ubongo wa simu. Helio G99 imetengenezwa kwa nanomita 6, ilhali Helio G85 na Unisoc T606 ni za nanomita 12. Kwa kawaida prosesa ya nanomita ndogo hufanya kazi ile ile kwa umeme mchache, na mtu anayewasha GPS muda mrefu huiona tofauti hiyo ifikapo saa kumi jioni.

Usilipie 5G kwa sasa. Vodacom waliizindua hapa nchini Septemba 2022, lakini huko unakotembea wewe utashukuru ukiipata 4G yenyewe. Kwa vijijini masafa ya chini, ya 700 na 800 MHz, ndiyo yanayosafiri mbali, kwa hiyo hakikisha simu ina bendi ya 28 na bendi ya 20. Simu zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine wakati mwingine huzikosa, na kuijaribu dukani Dar es Salaam hakutakuonyesha kasoro hiyo, kwa kuwa mjini minara iko kila kona.

Aliyewahi Kuuza

Fundi ameyamaliza ya kwenye simu. Mimi nilifanya kazi katika maduka ya simu, na ningependa nieleze kinachoendelea upande wa pili wa kaunta, kwa sababu mteja akikijua hatokasirika wala hatoona aibu kukataa.

Kijana mwenye fulana ya kampuni ni promota. Katika maduka mengi mshahara wake ni mdogo na kinachomlisha ni kamisheni, na kamisheni hiyo hailingani kwa kila simu. Kampuni ikiwa na toleo inalotaka kulisukuma mwezi huo, huweka malipo makubwa zaidi juu yake, na promota anapewa idadi ya kufikisha. Ndiyo maana hakukuuliza kazi yako: jibu lake lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla hujaingia. Winga naye si mwajiriwa wa duka. Anakupeleka anakojuana nako, na cha juu chake kinaongezwa kwenye bei utakayotajiwa. Simu hiyo ya 520,000 ungeweza kuikuta kwa bei ya chini kwenye duka uliloingia mwenyewe kwa miguu yako. Siwalaumu vijana hawa, wana familia na kodi ya nyumba, lakini huna wajibu wa kuyabeba hayo kwa akiba yako.

"Imekwisha" ni neno la kawaida sana. Wakati mwingine ni kweli, kwa kuwa simu iliyoko kabatini ni ya maonyesho tu. Wakati mwingine maana yake ni kwamba haina kamisheni. Huna haja ya kubishana. Sema kwa upole, "Basi naomba niishike hiyo hiyo ya maonyesho, nikiipenda nitaagiza au nitaitafuta pengine." Utashangaa jinsi boksi linavyopatikana stoo mtu akisikia neno pengine. Utaambiwa pia kwamba bei ni ya leo tu, kwamba imebaki moja, kwamba ukilipa sasa unaongezewa kava, protekta na spika ndogo. Hizo zawadi zina bei yake, na imekwisha kuingizwa. Ukipewa zawadi, uliza bei ya simu bila zawadi.

Jambo lililowashinda wauzaji wengi niliofanya nao kazi ni mteja aliyekuja na karatasi. Andika mambo matano au sita unayoyahitaji, kiwango chako cha fedha kikiwa cha mwisho, na uiweke karatasi juu ya kaunta. Soma: RAM halisi kuanzia 4, memori 128, bendi 20 na 28, dira, kioo kinachoonekana juani. Muuzaji akianza kusifia kitu kisichomo, rudi kwenye karatasi. Wala usimtajie kiasi chote ulichonacho mwanzoni, kwa sababu ukisema 450,000 hutaonyeshwa simu ya 380,000 hata kama ndiyo inayokufaa, utaonyeshwa ya 520,000 pamoja na mkopo, kama ulivyokwisha kuona. Mwisho, enda asubuhi siku ya katikati ya wiki. Jumamosi mchana hakuna anayekuwa na muda wa kukuachia simu uipige jani picha.

Mpenzi wa Simu za Dubai

Mimi naona mnamchosha bure ndugu yetu. Kwa 450,000 akatafute simu iliyotumika kutoka Dubai, kama Samsung za Galaxy S za miaka ya nyuma au iPhone. Kamera zake zinazishinda mbali hizo simu mpya mnazozitaja, na hata Darajani huku Zanzibar zipo tele.

Fundi wa Simu

Ndugu yangu wa Zanzibar, kuhusu kamera nakubaliana nawe kabisa. Galaxy S10 ya 2019 bado inapiga picha nzuri kuliko simu nyingi mpya za bei ya kati. Lakini angalia mwenzetu anavyoishi. Simu hiyo iliacha kupata masasisho ya usalama 2023, betri yake imekwisha kuchoka kwa miaka mingi ya kuchajiwa, na yeye anashinda shambani kutwa bila umeme. Ikianguka, kioo chake halisi kinaweza kugharimu karibu nusu ya bei aliyonunulia, na spea za bandia zinaharibu mwonekano na chaji kwa pamoja.

Kwa atakayechagua njia hiyo hata hivyo, haya ndiyo ninayoyatazama wateja wanaponiletea simu za kununua. Kwenye Samsung bonyeza *#0*# na utapata ukurasa wa majaribio unaoonyesha rangi moja moja kioo kizima. Ukiona kivuli cha maandishi ya zamani kwenye rangi nyekundu au nyeupe, kioo kimeungua. Kwenye iPhone fungua sehemu ya betri usome afya yake, na kama iko chini ya asilimia 80 hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei. Kwenye iPhone zisizo za zamani sana, ukurasa wa Kuhusu pia huonyesha kama kioo au betri imebadilishwa na kama iliyowekwa ni halisi. Halafu mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, irudishe hapo hapo, kwa kuwa hakuna fundi mwaminifu atakayekufungulia.

Mama wa Mahesabu

Naomba nizungumzie ule mkopo, kwa sababu nimeona umepita bila kuguswa, na kwangu mimi ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii. Shilingi 2,500 kwa siku inasikika kama nauli. Lakini 2,500 mara siku 365 ni 912,500, na ukiongeza 100,000 ya kutanguliza, simu ya 520,000 inakuwa imekugharimu 1,012,500. Ziada peke yake ni 492,500, kiasi kinachozidi fedha zote ulizonazo mfukoni kwa ajili ya simu. Bwana Shamba, kwa ziada hiyo mtu angenunua simu ya pili na kubaki na bando.

Tena simu za mkopo hufungiwa programu inayoweza kuifunga simu kwa mbali malipo yakichelewa. Wewe uko shambani, mtandao unasumbua, siku mbili umeshindwa kulipa, na simu inafungwa ikiwa na picha zako za kazi na namba za wakulima ndani. Mpaka deni liishe, huwezi kuiuza wala kuifuta upya. Sisemi mkopo hauna mtu unayemfaa, maana nimeona mama lishe na madereva wa bodaboda ambao simu iliwaingizia kipato tangu siku ya kwanza na wasingeweza kukusanya fedha zote kwa mara moja. Ila kabla ya kusaini, mwambie muuzaji aandike kwenye karatasi jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho. Asiye tayari kuiandika namba hiyo, usimwachie kitambulisho chako.

Bwana Shamba (mwenye mada)

Nawashukuru sana nyote. Mama, sikuwa nimeambiwa habari ya simu kufungwa, na hesabu hiyo nimewapigia wenzangu wawili ambao nao walikuwa wanaufikiria mkopo kama huo. Nimekwisha kuandika karatasi yangu. Nina swali kwa Ndugu Aliyewahi Kuuza na kwa Fundi: mmetaja dira na kioo cha kuonekana juani. Hivyo viwili nitavipimaje dukani, na je, kuna simu mnayoweza kuitaja kwa jina niianzie?

Fundi wa Simu

Dira kwanza. Simu nyingi za bei nafuu zina GPS lakini hazina sensa ya dira, na wauzaji wengi hawajui tofauti. GPS hukwambia ulipo, dira hukwambia umeelekea wapi ukiwa umesimama. Fungua Google Maps, subiri kitone cha buluu kitokee, kisha geuka taratibu pale ulipo. Kama kitone kina mwale unaogeuka pamoja nawe, dira ipo. Ukiona kitone kitupu, haipo. Kwa kupima eneo la shamba kwa kuzunguka mipaka GPS pekee inatosha, ila ukiwa unamfuata mkulima kwenye njia za porini, dira itakusaidia sana.

Kioo hupimwa nje ya mlango. Mwombe muuzaji mtoke naye hadi juani, mwangaza ukiwa umepandishwa wote, ufungue ile picha ya jani uliyoipiga. Muuzaji mwenye nia ya kuuza atatoka nawe, hata kama ataishikilia simu yeye. Vioo vya AMOLED kwa kawaida huonekana vizuri zaidi juani kuliko LCD za bei ya chini, lakini macho yako ndiyo yaamue.

Kwa jina, ningeanza na Samsung Galaxy A16 ya 4G. Ina kioo cha AMOLED, kinga ya vumbi na matone ya maji ya kiwango cha IP54, na toleo la 4G linatumia ile Helio G99. Zaidi ya yote, Samsung waliahidi kuipa masasisho kwa miaka 6, ahadi ambayo ni nadra kwa simu za kundi hilo. Bei hubadilika kila baada ya muda, kwa hiyo ulizia maduka kadhaa, na ikizidi karatasi yako angalia Redmi na Infinix zenye prosesa hiyo hiyo. Kabla ya kulipa chochote, ingia kwenye Kuhusu simu usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma na simu haipati jipya ikiunganishwa na intaneti, toleo hilo limekwisha kutelekezwa hata kama boksi linang'aa.

Aliyewahi Kuuza

Naongeza ya wakati wa kulipa. Boksi likifunguliwa mbele yako, bonyeza *#06# na ulinganishe namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, zinazotokea na zile zilizobandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Kisha itume IMEI hiyo kwenda 15090 ili ujibiwe kama inatambulika kuwa simu halisi. Utaratibu huo ulikuja na zoezi la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la kuzima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na bado watu wanauziwa maboksi halisi yenye simu bandia ndani. Weka laini yako, piga simu moja, chaji kwa dakika chache. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na mwambie muuzaji aandike IMEI kwenye risiti au kwenye kadi ya waranti, pamoja na mhuri wa duka. Duka likikwambia risiti ya EFD inaongeza bei, hamia duka la jirani. Kariakoo yako mengi yatakayokupa bila kuuliza. Ukishanunua, tuletee hapa picha ya lile jani tuione.